Kidole Juu ya Kifaru

Watu wa Tabora wakisikia nanunua sarafu za kale, kila mmoja ana tembo wa dhahabu nyumbani. Ile sarafu iliyogongwa hapa hapa kwenye karakana ya reli, wakati wa vita vya Mjerumani. Babu yake aliifukia, sijui zizini, sijui chini ya mafiga. Nikisema haya, ilete, ananiletea heleri, vile visenti vya shaba vya Mjerumani, zilizoliwa na udongo, zimetobolewa tundu ili mtoto avalishwe kiunoni. Nazinunua, maana siwezi kumrudisha mtu mikono mitupu. Lakini kulala nazo nyumba moja sipendi, nasema kweli. Kwenye barabara hii ya misafara walipita watu wamebeba vitu visivyo vyao, na wengine wenyewe walikuwa bidhaa, na babu zetu waliotoka Omani walikuwemo kwenye biashara hiyo. Mke wangu akinikuta dukani, hapa Chemchem, nanong'ona peke yangu, husema, "Haya, wageni wako wamefika?" Anatania. Mimi sicheki.

Ndiyo maana nilizipenda pruf. Pruf ni sarafu inayogongwa kwa ajili ya kutazamwa tu: uso wake kioo kitupu, mchoro wake mweupe kama umenyunyiziwa unga. Haijanunua kitu, haijakaa kiunoni mwa mtu. Hushikwa pembeni, tena kwa glovu, maana mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele unakata bei nusu. Nilijiambia hizi hazina mtu ndani.

Miaka michache iliyopita aliingia mama mmoja, mkulima wa Ntalikwa, umri wa mama yangu mzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Mwarabu wa sarafu?"

"Ndiye mimi."

Akafungua pindo la kanga. Lahaula! Pruf ya fedha, upande mmoja kifaru, ya zile zilizotolewa nchi ingali changa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Huku kwetu nilikuwa naziona kwenye vitabu tu. Kikasha chake cha plastiki kilikuwa kimefunguka, lakini kioo hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ila juu ya mgongo wa kifaru palikuwa na alama ya kidole gumba, imeshaanza kuwa kahawia.

Ilikuwa ya mwanawe. Alikuwa akifanya kazi na warina asali wa Usinge, na mgeni mmoja ambaye kijana alimtembeza msituni alimpa siku ya kuagana. Mwaka uliofuata homa ilimkamata huko huko kambini, wakati wa masika, njia imekatika. Wakamzika huko. Mama hakuona mwili. Sasa mdogo wa marehemu mumewe alikuwa akidai vitu vya kijana vigawanywe.

"Niambie bei yake tu," akasema. "Nimpe shemeji nusu yake, hii ibaki kwangu."

Nikamwambia ilivyo. Pamoja na alama ile, bei yake ni hii hapa. Bila alama, ni mara nne. Akaitikia, akasema anapitia sokoni kununua chumvi, atarudi.

Jamani, nilisikia bei tu. Mtu wa pruf akiona alama ya kidole, mkono unamwasha. Nikaichovya kwenye dawa yangu ya kusafishia fedha, nikahesabu kidogo, nikaisuuza. Uso ukatoka safi, nikajiona humo mzima mzima, meno nje. Nilitaka kumfurahisha, Mungu ni shahidi wangu. Mara nikasikia hodi mlangoni, nikaiopoa majini haraka nikamwekea mezani.

"Mama, mambo yako yamenyooka. Sasa ni mara nne."

Akainama. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kidole kiko wapi?"

Nikamwonyesha bakuli la dawa.

"Kilikuwa cha mwanangu. Alikibandika siku aliyoileta, akasema mama, tazama faru. Picha zake ninazo, baba, lakini picha hakuzigusa." Akaketi sakafuni. "Mayo! Na nusu ya mara nne nitaitoa wapi mimi?"

Hakunitukana. Heri angenitukana. Juma lile shemeji yake, aliyeichukua kwa kuwa mama hakuwa na nusu ya kumlipa, akaja kuiuza, na mimi nikainunua, bei yote ile niliyoipandisha mwenyewe. Nikampelekea mama sarafu yake bure. Hakuipokea. "Hiyo siijui," akasema.

Nikaifungia kwenye droo. Sikuweza kuiuza. Nikiitazama naona uso wangu umekaa pale alipokuwa kijana wa watu, na nikizima taa naondoka nikitazama nyuma kama mwizi. Sala nilisali, sadaka nilitoa, hofu haikutoka.

Mwaka jana, masika tena, nikafungua droo. Juu ya mgongo wa kifaru palikuwa na kivuli. Fedha iliyowahi kuguswa hufanya hivyo: jasho huuma madini, dawa huondoa rangi tu, na miaka ikipita alama hujichora upya. Nililia. Nikampigia simu jirani yake mwenye bodaboda amlete mama siku hiyo hiyo, nikasema mwambie kidole kimerudi.

Nikakaa kumsubiri, nikachukua lenzi nikitazame vizuri. Mistari ilizunguka vyema, halafu ikakatwa katikati na mstari mmoja mshazari. Nikatazama kidole gumba changu. Lipo hapo kovu la wembe wa utotoni, mshazari vile vile. Siku ile ya hodi niliiopoa kwa mkono mtupu.

Pikipiki ikazima nje. Mama akaingia hata hajafuta vumbi usoni, akaichukua kutoka mezani, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Ndicho?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli.

"Ndicho, mama."

Akakisogeza karibu na jicho. "Mbona kama amekonda?"

"Fedha hukaza vitu, mama."

Akaibusu. Akaibusu pale pale, juu ya kidole changu, akimwita mwanawe kwa jina.