Maiti Aliyeitika

Mwalimu wetu wa maigizo pale Mpanda alikuwa na sheria moja: msanii hakatai nafasi. Ukipewa mlevi, lewa. Ukipewa mchawi, roga. Wenzangu waliikubali kwa mdomo tu. Mimi niliishika kwa moyo wote, kwa sababu nilikuwa binti mdogo na nilitaka kwenda Dodoma.

Mwalimu alikuwa ametuahidi hivi: tukimaliza kuzunguka vijijini na igizo la uzazi salama, tutalipeleka Dodoma, na nafasi kubwa ataipata atakayeonyesha utayari kuliko wote.

Igizo lenyewe lilihitaji maiti. Mwanamke anajifungulia nyumbani, anakufa, analazwa mkekani na kufunikwa kitenge, wanawake wanamlilia. Hakuna msichana aliyetaka kulala pale. Kwetu mtu aliye hai haliliwi. Kumlilia ni kumwitia kifo. Mwenzangu mmoja mwenye sauti nzuri alisema waziwazi, "Mimi? Nyie laleni wenyewe." Mwalimu akacheka, akanigeukia. Nikasema sawa.

Nikafa Sibwesa. Nikafa Mwese, baada ya kupanda ile milima nyuma ya bodaboda nimekumbatia ngoma. Nzi walinitembea usoni na sikutikisika. Nilikuwa maiti mzuri, nasema bila haya.

Litapunga ndiko kwetu. Mama hakuwahi kuniona nikiigiza, alijua tu kwamba mwanawe yuko kwenye sanaa. Siku hiyo alichemsha beseni zima la karanga ili awagawie wenzangu, na kwa sababu ya karanga hizo akachelewa. Alipofika nyuma ya watu alisikia kilio. Akaona mkeka, akaona kitenge, na kitenge chenyewe alininunulia yeye. Nikasikia beseni likianguka. Halafu nikasikia jina langu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

"Abee, mama!" nikaitika, nikaketi.

Ningefanyaje? Tangu nijue kusema, mama akiita naitika. Kwetu mtoto anayeitwa akakaa kimya anachapwa. Watoto waliokaa mbele walikimbia wakipiga mayowe, watu wazima wakacheka mpaka wakashika mbavu, na mama akakaa chini kwenye vumbi akilia kwa hasira, akilalamika kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kirundi cha wazazi wake.

"Umeniharibia igizo," mwalimu aliniambia tukifungasha. "Kumbe huna utayari."

Mimi! Nafasi ya Dodoma alipewa yule aliyekataa kulala mkekani. Mwalimu alisema huyo angalau ana msimamo. Roho iliniuma, na inaniuma hadi leo; sitajifanya nimesamehe. Kila walichokikataa wenzangu nilikibeba mimi, na nilipomwitikia mama yangu mara moja tu, hayo yote yakafutwa.

Waliporudi kutoka Dodoma walilionyesha igizo uwanjani Mpanda. Nilikwenda na mama, ambaye alikuwa amekuja mjini kupima presha. Kwa kweli sikutaka kwenda, yeye ndiye aliyetaka kuwaona wenzangu.

Kilio kilipoanza, yule mwenye sauti nzuri alitokea nyuma ya watu na beseni la karanga. Akaliangusha. Akaita. Maiti mpya akaketi, "Abee, mama!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kisha yule dada akakaa chini kwenye vumbi, akalia, akalalamika kwa Kiswahili cha mama kabisa, chenye Kirundi ndani yake, na hapo ndipo watu walipocheka zaidi. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani, anatabasamu.

Mama hakucheka. Alinishika mkono.

"Yule si mimi?"

"Ni wewe, mama."

Akatazama tena, muda mrefu, watu wakipiga makofi kila upande wetu.

"Sasa wanacheka nini?"

Aliniuliza mara ya pili, akanitaja kwa jina, na nilikaa kimya.