Kitundu Kwenye Kidole cha Elia

Siku ile naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu ya oili ya moto inanirudia puani. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha Usoke, na kila mwenye shamba la tumbaku alikuwa anakimbizana na udongo kabla haujakauka tena. Mimi na mume wangu Elia tulikuwa vijana, binti yetu Neema bado nambeba mgongoni. Tulikuwa na trekta dogo la dizeli, limetumika sana kwa watu wengine kabla ya kufika kwetu. Injini yake haikuwa na neno. Ugonjwa wake ulikuwa nyuma, kwenye haidroliki, ile mikono inayonyanyua plau kwa nguvu ya oili.

Plau ilikuwa inapanda kwa kusitasita, na pampu inalia kama ina njaa. Elia akapima oili, akakuta imepungua. Akaongeza, kesho yake imepungua tena. Akasafisha chujio, akakaza vibano vya mipira inayopitisha oili, bado. Basi akamwomba jirani yetu Maganga, aliyekuwa na pikapu, atakapokwenda mjini amchukue Mzee Ramadhani, fundi wa mtaa wa Chemchem aliyeyashika matrekta tangu ujana wake. Ila asubuhi ile uvumilivu ulimwishia.

Nilipompelekea uji nilimkuta injini inanguruma, plau iko juu, naye ameinama ubavuni.

"Naona kama mvuke hapa, Mama Neema, lakini sioni unakotoka."

Akapitisha mkono taratibu juu ya mpira wa oili, kama fundi cherehani anayepapasa kitambaa. Mara akauvuta.

"Aah! Kitu kimenichoma."

Akajifuta kwenye suruali, akacheka. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na kitundu kama cha sindano. Hata damu ya maana haikutoka.

Hajamaliza kucheka, pikapu ya Maganga ikaingia. Tukamwamkia Mzee Ramadhani shikamoo, naye akaitikia huku macho yake yako kwenye mkono wa Elia, aliyekuwa anaukung'uta.

"Umefanya nini hapo?"

"Kidogo tu, mzee. Labda waya umenichoma."

"Ulikuwa unapapasa mpira? Injini inawaka?"

Elia akaitikia kwa kichwa. Mzee akashusha plau chini, akazima injini. Akaugeuza mkono wa mume wangu kwenye mwanga, akakitazama kile kitundu kwa karibu.

"Inauma?"

"Wala haiumi."

"Hapo ndipo ninapoogopa. Huo si waya, ni oili. Imeingia ndani ya nyama kwa presha. Mdogo wangu ilimpata hivi hivi, akasema haiumi, akabaki nyumbani. Walimkata hapa." Akagusa juu ya kiwiko chake. "Maganga, usizime gari."

Unadhani Elia alikubali? "Mzee, udongo utakauka. Nimalize hata kipande hiki, twende jioni." Akaanza kupanda trekta. Mwanangu, mimi sikuwa mtu wa kumpandishia mume wangu sauti. Siku ile nilimpita, nikachomoa ufunguo, nikausokomeza kwenye fundo la kanga.

"Baba Neema, shamba hili nitalilima kwa jembe la mkono. Panda gari!"

Akapanda.

Njia ile ya kwenda Tabora zamani wapagazi wa misafara waliipita kwa miguu, na siku ile niliwaza kwamba hata wao walikwenda haraka kuliko sisi. Mbele yetu lori limejaa, vumbi tupu, hakuna pa kulipita. Kidole kikaanza kuvimba. Kikawa cheupe kama mshumaa, kigumu. Kisha maumivu yakaja, yote kwa pamoja, jasho likamtiririka mpaka shingoni. Nikaushika mkono nimkande.

"Usikande!" Mzee alifoka. "Wala usifunge kitambaa. Utaisukuma ndani zaidi."

Nikauachia. Elia alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa letu la Moraviani. Nikamwona anavichezesha vidole vyake polepole juu ya goti, kimoja baada ya kingine, kama anajaribu kama bado vinamsikia. Nikageuza uso dirishani asinione.

Pale hospitali ya Kitete, Mzee Ramadhani hata salamu alisahau. "Ni oili ya mashine, imeingia kwa presha," alimwambia muuguzi. "Msikidharau kitundu." Daktari, dada mmoja mwembamba, alikitazama kidole mara moja tu, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe.

Tulikaa kwenye benchi. Mzee anavuta tasbihi, mimi naimba wimbo wa kanisani moyoni na kila mara napotea kwenye ubeti ule ule. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Nilishaanza kumwona Elia na shati lenye mkono mtupu.

Daktari alipotoka alikuwa amechoka. "Mkono umebaki," alisema. "Kidole sikuweza kukiokoa, oili ilishafika kiganjani. Mngesubiri kesho, tungekuwa tunazungumzia bega."

Nililia pale pale, mbele za watu.

Baadaye Mzee alirudi shambani kuutafuta uvujaji. Alifunga kipande cha boksi kwenye fimbo ndefu, akawasha injini, akasimama mbali, akakipitisha karibu na mpira. Boksi likachanika kama limepitiwa na wembe. Tukabadilisha mpira. Msimu ule trekta niliendesha mimi, Elia akitembea pembeni na bandeji yake, akinielekeza kwa sauti.

Sasa nasikia na wewe umepata trekta la zamani. Nimefurahi, na nimeogopa. Mwanangu, haidroliki ikilegea, kwanza tazama oili, chujio na vibano. Ukihisi inavuja, mkono wako usiufikie mpira. Tumia boksi, nawe simama mbali. Kabla ya kufungua chochote, shusha plau, zima injini, kisha chezesha leva ya kunyanyulia plau mpaka presha iishe. Chini ya plau iliyoinuliwa usipite hata kuokota spana. Mipira iliyopasukapasuka ibadilishe kabla ya mvua, usingoje ikuonye. Na ikikuchoma, hata kama haiumi, acha shamba, kimbia hospitali, uwaambie ni oili. Atakayekucheka kwa woga wako, mwache acheke.

Mungu akulinde, udongo ukukubali, na kila utokapo shambani urudi kwa watu wako ukiwa mzima. Amina.