Mjumbe wa Saba wa Chama cha Uyoga

Shangazi yangu aliomba kustaafu mara tatu, na mara zote aliyekwamisha ombi lake alikuwa yeye mwenyewe. Nikisimulia hivi watu hunicheka, basi ngoja nianze mwanzo.

Alikuwa mtunza jengo wa chama cha hisani cha wanasayansi wa uyoga. Chama kilikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vioo, makabati ya uyoga mkavu uliobandikwa namba, na kazi moja ya maana: kuwafundisha watu bure uyoga upi utawaua. Shangazi alifungua milango, akafuta vumbi, akachemsha chai. Baada ya miaka thelathini na moja aliujua uyoga kuliko nusu ya wajumbe, ila hakuna aliyemuuliza.

Chama kiliongozwa na halmashauri, na katiba ilitaka wajumbe saba wawepo ndipo uamuzi upite. Mmoja alipofariki wakabaki sita. Kwenye mkutano mkuu ikaulizwa nani atakuwa wa saba, kila mtu akatazama dari. Mwenyekiti, daktari wa meno mstaafu, akamwona Shangazi. Wakamchagua kwa makofi, yeye akiwa na birika mkononi.

Mwaka uliofuata Bibi, mama yake, akaanza kutusahau. Alianza na majirani, akaja kwangu, kisha kwa Baba, anayemwogesha kila siku. Likabaki jina la Shangazi tu. Baba akampigia simu: "Dada, njoo kabla zamu yako haijafika." Siku hiyo hiyo Shangazi akaandika barua ya kuacha kazi.

Kwenye halmashauri alikuwepo wakili wa zamani tuliyemwita Bwana Kifungu, maana katiba haikumtoka mfukoni. Barua iliposomwa akainua kidole.

"Samahani, dada. Jambo hili linakuhusu. Kifungu cha kumi na mbili: mwenye maslahi atoke nje mpaka jambo limalizike."

Shangazi akatoka. Dakika haikuisha, mlango ukafunguliwa.

"Rudi ndani, tumebaki sita. Akidi haijatimia."

Akarudi. "Haya, mmeamua nini?"

"Tutaamuaje na wewe upo?"

Mwezi uliofuata akaja na barua ya kujiuzulu ujumbe. Nayo ilimhusu yeye. Akatolewa, akarudishwa.

Mimi nilikuwa nimewaka. "Shangazi, si uondoke tu? Watakufunga kamba?"

"Mwanangu, mimi siwezi kuwatoroka watu."

Nilimwona mjinga, na nilimwambia hivyo.

Asubuhi ya mkutano wa tatu Baba akapiga simu tena: Bibi amemwita muuguzi wa zahanati kwa jina la Shangazi. Basi Shangazi akaenda mkutanoni na begi la nguo. Bwana Kifungu alipoinua kidole, akamuwahi.

"Nitoke mpaka lini?"

"Mpaka jambo limalizike."

"Na lisipomalizika?"

Bwana Kifungu akapekua kurasa, akarudia kupekua. "Basi… unabaki nje."

"Iandikwe kwenye kumbukumbu," akasema Shangazi. Akaweka funguo mezani, akatoka. Walipofungua mlango kumwita, alikuwa ameshapanda basi.

Alifika kwetu jioni. Bibi alimtazama, halafu akamwita kwa jina.

"Wamekuruhusu?"

"Bado wanajadili, mama."

"Basi ingia, tungoje wote."

Mwenyekiti hupiga simu kila mwezi kumsihi arudi dakika tano tu, wapate kumruhusu. Shangazi humjibu kwa adabu kwamba yupo nje, kama kanuni inavyotaka.

Alipata siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Bibi alimuuliza yeye ni nani. Siwezi kuwasamehe wale watu kwa miezi waliyomlia, na kwa hilo sitaki kushauriwa. Shangazi hana hasira. Kila asubuhi anaketi ukingoni mwa kitanda, anamwambia mama yake jina lake, na kila asubuhi Bibi anafurahi kumfahamu.