Fundi wa suruali ya Mheshimiwa aliyekataa vita

Saa moja asubuhi, fundi anaingia kibandani mwake na mkewe, na badala ya kufungua dirisha kama siku zote, anakomea mlango kwa ndani. Anatandika gazeti mezani. Anapangusa miwani kwa upindo wa shati, halafu anaitoa suruali ya kijivu kwenye mfuko wa nailoni, taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala mgongoni.

Anaigeuza upande wa nyuma. Anatazama. Anavua miwani, anaivaa tena, anatazama tena.

"Mama yangu," anasema. "Kumbe ilichanika."

Kwa mtu mwingine hiyo ni suruali kuukuu tu. Kwa fundi huyu mwenye umri wa miaka sitini na tisa, humo ndani limeshonwa jina lake lote.

Zaidi ya miaka thelathini iliyopita, suruali hiyo iliingia Bungeni ikiwa imevaliwa na mbunge wa eneo hili, ambaye mpaka leo, hata baada ya kufariki, watu humwita Mheshimiwa tu. Siku hiyo Bunge lilikuwa linaamua kama nchi iende vitani. Spika akasema wanaokubali wasimame. Wakasimama wote, hata waliokuwa wanasinzia. Mheshimiwa peke yake akabaki kwenye kiti.

Kesho yake maneno yakaenea mjini: huyu hakukataa vita vyovyote, suruali ilimchanikia, akaona haya kuinuka. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Vita vikapiganwa, vijana wakaenda, wengine hawakurudi. Uchaguzi uliofuata Mheshimiwa akaangushwa. Fundi naye akapewa jina la Fundi Usisimame.

"Wateja walikuwa wanakuja kunifanyia mtihani," anakumbuka. "Mtu anavaa suruali, anachuchumaa, anaruka, anainama kama anatafuta sindano. Bwana harusi mmoja alikuja na shangazi zake wasimame nyuma yake wakague!"

Jibu lake lilikuwa moja. Suruali yangu haikuchanika. Mheshimiwa alikaa kwa sababu hakutaka vita. Amelisema sokoni, amelisema msibani, amelisema hata kwa daktari wa macho aliyemwomba asome herufi ubaoni.

Jumamosi hii ukumbi wa mtaa unapewa jina la Mheshimiwa. Suti yake itawekwa kwenye kabati la kioo, na fundi ameombwa aseme machache. Mjane wa Mheshimiwa aliileta suruali jana jioni kwa sharti moja: "Pasi tu, shemeji. Sindano usiguse."

Sasa fundi anatunga uzi.

"Hiyo sindano ya nini?" anauliza mkewe, aliyeinamia bakuli la vifungo.

"Nashikiza kidogo tu."

"Umeambiwa pasi."

"Mke wangu, watoto wa shule watapita pale kwenye kioo. Watasema nini?"

"Watasema imechanika. Kwani haikuchanika?"

Fundi anakaa. "Basi walikuwa wanasema kweli," anasema, sauti imeshuka. "Mimi miaka yote hii nimekuwa mwongo, sawa. Lakini na yeye je? Kama kweli alikaa kwa ajili ya aibu tu?"

Mkewe anaacha vifungo. Hilo hakuwa amelifikiria.

Mlango unagongwa. "Fundi! Mmejifungia asubuhi yote hii, mnashona au mnatafuta mtoto?"

Ni kinyozi wa kibanda cha pili. Mguu wake wa kushoto ni wa bandia. Wa kwake aliuacha kwenye vita vilevile, akiwa bado kijana. Hata hivyo, mtaa mzima hauna mtu anayemtania fundi kumshinda yeye. Na leo hakuja peke yake. Mlango unapofunguliwa, nyuma yake amesimama mjane, macho yake tayari yako kwenye sindano.

"Shemeji, nilisemaje?"

"Shemeji, niambie kweli," fundi anasema. "Hii suruali ilichanika lini?"

"Siku ileile."

Kinyozi anapiga makofi. "Si nilisema! Miaka nenda miaka rudi namwambia huyu mzee..."

"Wewe, sijamaliza."

Kinyozi anavuta kigoda, anakaa kama mwanafunzi.

Mjane anasema alikuwepo, kule juu wanakokaa wageni. Wakati wa kupiga kura suruali ilikuwa nzima. "Alikaa kwa hiari yake, na miguu amekunja nne. Spika akakasirika, akamwambia ainuke ajieleze. Akainuka kwa nguvu. Mimi kule juu nikasikia, chwaaa!"

Ukumbi ulilipuka. Mbunge aliyekuwa nyuma yake alicheka mpaka akateleza kitini. Spika mwenyewe alijiziba uso kwa karatasi.

"Angeweza kukaa," anasema mjane. "Mimi mkewe nilikuwa naomba akae, maana nguo ya ndani niliyoiona nilikuwa nimeshamwambia aitupe. Hakukaa. Akawaacha wacheke mpaka wakachoka. Ndipo akasema, 'Waheshimiwa, suruali hii ina fundi wake pale mtaani kwetu. Nikimpelekea, ataishona irudi kama ilivyokuwa. Hao vijana mnaotaka kuwapeleka vitani, mmewatafutia fundi gani?' Akamaliza hotuba yake yote, upepo unampiga nyuma, halafu ndiyo akakaa."

Magazeti yaliandika suruali na kicheko, mtaa ukajazia kwamba aliona haya kuinuka. Maneno hayo hakuna aliyeyaandika.

Fundi amesahau kwamba ana sindano mkononi.

"Alinitaja?" anauliza. "Mimi? Bungeni?"

"Alikutaja wewe."

"Sasa mbona hakuniletea niishone?"

"Alikuja nayo! Akakukuta hapa mlangoni unagombana na mteja, unaapa mbingu na ardhi kwamba haikuchanika. Akarudi nayo nyumbani kwenye mfuko. Akaniambia, 'Bunge zima nimeliambia hapana, lakini fundi wangu nimeshindwa kumwambia.' Akaniapisha na mimi nisiseme. Lakini sasa inakwenda kwenye kioo, nikaona heri uione mwenyewe kwanza."

Kinyozi anapapasa goti lake, pale nyama inapoishia. "Wangemsikiliza yule mzee," anasema, "leo ningekuwa navaa soksi mbili."

Hakuna anayecheka, mpaka yeye mwenyewe anapocheka. Ndipo wote wanafuata, na mjane anatafuta leso.

Fundi hayumo kwenye kicheko hicho. Ameichukua suruali mpaka dirishani, amelifungua, na pua yake inakaribia kugusa kitambaa.

"Ngojeni!" anapaza sauti. "Mshono upo! Njooni muone, uzi wangu haujaachia hata tundu moja la sindano. Kilichochanika ni kitambaa, hapa pembeni. Kitambaa! Nani alinunua kitambaa hiki?"

Mjane anajitengeneza mtandio kichwani.

"Kilikuwa cha punguzo," anasema.

Tangu hapo kazi ya kibandani imeendelea kama kawaida. Siku hizi nguo zilizoshonwa tayari zimejaa madukani. Fundi akipata suruali mpya moja ya kushona kwa wiki, anashukuru. Nyingi ni zipu na pindo. Lakini anashona huku midomo inacheza, maana anafanya mazoezi ya hotuba.

Hotuba ya kwanza aliyomsomea mkewe ilikuwa yote ya uzi. Mkewe akamwambia aanze na Mheshimiwa. Ya pili ilianza na Mheshimiwa na kufika kwenye uzi kwenye sentensi inayofuata. "Nimempa dakika moja ya uzi, mwishoni kabisa," anasema mkewe. "Nisipompa ataumwa."

Suruali imepigwa pasi tu. Itatundikwa kama ilivyo, upande wa nyuma ukiwatazama watu. Mwenyekiti wa kamati alisema hiyo si heshima. Mjane akamuuliza anataka suruali au anataka kabati tupu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Fundi ana hofu moja. Kila anapofika kwenye lile swali la Mheshimiwa kuhusu vijana, maneno hayatoki. Amejaribu kunywa maji, amejaribu kutazama dari, wapi. Kwa hiyo amefanya mpango wake.

"Nimemwomba kinyozi akae mstari wa mbele kabisa," anasema, akikata uzi kwa meno. "Sauti ikinikwama, anicheke. Na acheke kwa nguvu. Huyo akinicheka, nitapata hasira ya kumalizia."