Vifaa viwili vya sumaku, mgongo wangu na betri ya moyo ya shangazi

Assalaam aleikum wakuu. Miaka yote mie ni wa kusoma tu humu ndani. Leo naandika, na Mungu ndiye shahidi yangu, chumvi sitii.

Mie ni mkulima wa karafuu, Ole, Pemba. Mgongo ulinitesa mpaka nikawa naswali kwenye kiti, na mie bado si mzee. Hilo liliniuma kuliko mgongo wenyewe.

Binamu yangu wa Maskati akaniletea vifaa viwili vya PEMF, hivi vidogo vinavyopeleka mawimbi ya sumaku mwilini. Akasema jaribu vyote, uchague.

Cha kwanza ni kiduara cha betri, unakifunga kiunoni. Hakitetemi, hakina joto. Siku tatu za mwanzo nikadhani nimeletewa kibovu. Uzuri wake unakwenda nacho shamba.

Cha pili ni bapa kama mto, cha kuchaji, kinagonga tik tik na nyama zinaruka. Lazima ulale nusu saa. Umeme ukikatika na chaji imeisha, ndiyo basi tena.

Kwangu hiki cha pili ndicho. Wiki ya tatu nikasujudu chini. Wakuu, nililia. Sijui ni kifaa au ni kule kulala nusu saa kila siku, sibishani na mtu.

Sasa huku kwetu ukipona tu, kitu si chako tena. Kila jirani akaja na goti lake, nami nikigawa kwa furaha.

Asubuhi moja kiduara kikawasha taa nyekundu. Ndiyo kwanza nikafungua kitabu cha maelekezo. Ukurasa wa kwanza kabisa: mwenye betri ya moyo (pacemaker) asitumie, sumaku huivuruga.

Nikamuuliza mke wangu, kile kingine kiko wapi? Akasema tangu alfajiri amempelekea shangazi yangu, Bi Zuwena, mabega yanamuuma.

Bi Zuwena alitiwa betri ya moyo mwaka juzi.

Nikampigia, simu haipokei. Nikapanda baiskeli, sikumbuki hata njia. Nikamkuta barazani, kifaa kipo mapajani.

"Shangazi, umekiwasha?"

"Nikiwashe vipi, na mwenyewe hujanambia nitumie? Mkeo kaleta, lakini kitu chako."

Saa nzima na zaidi amekaa nacho, mabega yanamuuma, anangoja ruhusa yangu.

Nikasujudu pale pale kwenye saruji, sijda ya kushukuru. Nilipoinuka akaniuliza sasa anaruhusiwa? Nikamwambia hapana. Akaninunia mpaka nilipomsomea ule ukurasa, kisha akanishika mkono.

Funzo langu: kitabu kwanza, kugawa baadaye, na ukigawa uliza moyo wa mtu ukoje.

Mliotumia vifaa hivi leteni uzoefu wenu, hata wa kunipinga. Na kama kwenu kuna mwenye betri ya moyo, msitegemee adabu yake kama nilivyookolewa mie.