Jina Alilotakiwa Mama

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kule Munje, niliamini kila neno la Shangazi Mwanakombo, kwa sababu alilisema kwa sauti kubwa. Sasa mimi ni mtu mzima, na naona kwamba hiyo sauti ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo.

Mama alimzaa mdogo wangu wa kiume wakati wa masika. Arobaini ikaisha, mtoto akanyolewa, akatolewa nje, watu wakala pilau. Mama hakutoka. Nyonga zilimuuma hivi kwamba akitaka kugeuka kitandani aliuma pindo la leso asipige kelele. Msalani alikwenda akiburuta nyayo, maana mguu ukiinuka tu, kinena kilimkata.

Mtu mwenye akili angesema apelekwe hospitali, nayo haikuwa mbali. Shangazi, dada yake Baba, alisema, "Mifupa imekataa kufunga. Kuna jina la mwanamume limefichwa."

Dawa yake ilijulikana upande wa kina Baba. Mchi wa kutwangia hulazwa mlangoni, mzazi akamtaja aliyezini naye, kisha akauvuka. Akitaja, husamehewa. Asiyetaja mguu humkatalia, naye hurudishwa kwao, na watoto wakishaacha ziwa ni wa baba yao.

Basi baada ya sala ya alasiri wanawake wakajaa ukumbini, wale wale waliokula pilau yetu. Baba alikuwa uani akijitia kutengeneza baiskeli isiyokuwa na ubovu wowote. Mpaka leo nikimwona mwanamume ameshika spana huku mkewe analia, mate ya kutema hunijaa mdomoni.

"Haya wifi, taja," Shangazi akasema.

Mama akashika mwimo wa mlango. Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina, humwita baba fulani. Mama alilitaja lote, na kwa sauti ya kufika uani: "Hamisi Juma. Sina mwingine."

"Huyo hahesabiki."

"Basi sina."

Akainua mguu. Ukelele alioutoa bado ninao masikioni. Aliangukia juu ya mchi wenyewe, na wanawake wakaguna kwa pamoja, wameridhika, wamepata walichokifuata. Baba hakuingia ndani. Kesho yake Mama alirudishwa kwao Ukunda na kichanga chake, mimi nikabaki nikila ugali mbichi wa Shangazi na kulia chini ya kitanda. Baba alimfuata mkewe pale tu mtoto alipopata pua kama ya Baba mwenyewe, pua ambayo hata kipofu angeitambua kwa kuipapasa. Mama alirudi anatembea polepole. Kucheka na Baba hakucheka tena.

Mwaka jana nikajifungua mimi, na maumivu yale yale yakanishika. Nilikwenda kliniki moja huko huko Ukunda. Mtaalamu wa viungo, binti kutoka bara, alinieleza kwamba wakati wa mimba viungo vya nyonga hulegea, na kwa wengine huchelewa kukaza. Alinipa mkanda wa kufunga nyonga na mazoezi madogo madogo, akanifundisha kulala na mto katikati ya magoti, kugeuka miguu ikiwa pamoja, na kuvaa nguo nikiwa nimeketi.

"Na plizi mamaa, usisimame na mguu mmoja," akasema. "Hata kuruka kitu sakafuni, usijaribu. Hiyo ndiyo inakuumiza zaidi."

Nilicheka mpaka akanishangaa. Katika mambo yote ya dunia, wale wajuaji walichagua lile moja mgonjwa asiloliweza, wakalifanya mtihani wa uaminifu!

Shangazi naye alikuja kumtazama mtoto. Nilimpa shikamoo yake, kwa kuwa mama yangu alinilea vizuri, nikamwekea chai. Kisha nikamuuliza kama yeye, kwa uzazi wake wote ule, nyonga hazikumsumbua.

"Kwa wa kwanza zilinitesa," akasema. "Niliwekewa mchi vilevile."

"Ukavuka?"

"Nilitaja mtu. Ukitaja, hushikwa mikono ukainuliwa, ukavushwa. Nilimtaja muuza nazi mmoja, alikuwa ameshakufa."

"Ulizini naye?"

"Astaghafirullahi! Hata salamu hatukuwa tukipeana."

Akaendelea kuchovya mkate wake kwenye chai. Miaka yote hii nilimdharau nikidhani ni mjinga, na mjinga husamehewa, hajui. Kumbe siku ile alikuwa akijua kuliko wote mle ukumbini. Alijua maumivu yale humpata mwanamke asiye na kosa, na alijua anayevuka ni yule anayesema uongo. Aliutaka uongo huo kwa Mama, neno moja tu, na Mama akaona heri aanguke, heri hata atupoteze sisi. Ujinga ningemsamehe. Hili sijamsamehe, na sina haraka.