Website ya nyumba ya wageni Uluguru: tulivyoifanya ijibadilishe yenyewe

Wakuu, salaam. Naweka hiki kisa hapa bila chumvi, maana nilikuwepo mwanzo mpaka mwisho.

Miaka ile makampuni ya simu ndiyo yanaanza kugombania wateja, internet cafe zinafunguliwa Moro mjini. Mimi nilikuwa nahudumia moja karibu na stendi.

Kulikuwa na Bi Mwanahawa, mama wa Kiluguru mwenye nyumba ya wageni juu milimani. Mgeni wake mmoja alimtengenezea website, akarudi kwao Ulaya.

Tangu hapo ukurasa ukasema kitu kilekile, masika na kiangazi: "Njia ni nzuri, karibuni."

Masika ya mwaka mmoja mwalimu wa shule ya Kilakala na mkewe wakausoma palepale kwangu, wakapanda mlimani.

Kumbe mto umeshabeba daraja la miti. Wakajaribu kuvuka kwa miguu, maji yakamzoa mke. Wakulima wa ng'ambo ndio waliomvuta. Alipona, ila mkono ulivunjika.

Bi Mwanahawa akashuka mjini. Nikampa shikamoo, akaitikia.

"Mwanangu, hicho kitu kinasema uongo kwa jina langu. Kizime."

"Mama, tukikizima wageni hawatakujua tena. Nipe muda nikitengeneze."

Akaniangalia. "Haya. Lakini mtu mwingine asiumie."

Nikachomeka simu kwenye kompyuta kwa waya, nikaandika programu: yeye akituma SMS kutoka mlimani, website inajibadilisha yenyewe.

Hapa mtacheka. SMS ya kwanza kupanda hewani aliikosea namba, ilikuwa iende kwa binti yake wa Ngerengere: "Usisahau dawa ya kuku."

Nikarekebisha. Ujumbe lazima uanze na neno NJIA. Na siku ikipita bila ujumbe, habari ya jana inafutika, yanabaki maneno haya: "Hatuna habari za leo. Usipande kabla hujapiga simu."

Masika yaliyofuata network ikakatika huko juu. Wanachuo kadhaa walikuwa cafe, mabegi mgongoni, wakakuta maneno hayo.

"Jana iliandika njia nzuri," mmoja akalalamika.

"Jana mvua haikunyesha hivi," mwenzake akamjibu. Wakapiga simu, haipatikani. Wakaamua kusubiri, wamenuna.

Mchana akashuka muuza ndizi, kalowa. Akasema mlima umeporomoka juu ya njia. Saa ile wangekuwa wanapita hapo.

Hakuna aliyenuna tena.

Jioni network ikarudi, ukurasa ukabadilika wenyewe mbele yetu: "NJIA imefunikwa na udongo. Sisi wazima. Wageni wasubiri."

Wanakijiji walipoifungua njia, wale vijana wakapanda. Bi Mwanahawa akawapokea kwa uji wa moto, akanipigia simu: "Mwanangu, wamefika. Usikizime."

Nilichojifunza: habari iliyopitwa na wakati ni hatari kuliko kukosa habari. Website ikubali kusema haijui.

Nyie wenye website za lodge, shule au zahanati, nani anazibadilisha, na asipokuwepo inakuwaje? Shusheni uzoefu wenu hapa chini, nasoma zote.